Kabati la sinki la mninga, na droo iliyokatwa kwa grenda

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Karakana yenyewe siitaji jina. Ipo hapa hapa Dar es Salaam na inajinadi kwa makabati ya bafuni ya kuagiza, yale ambayo "fundi akija, nusu saa ameshaondoka". Kwa kazi ya bafu, usiwape hela yako.

Bafu langu ni dogo, na bomba la maji machafu halikutoka ukutani katikati ya sinki, limekaa kushoto kidogo. Ndiyo maana niliagiza badala ya kubeba la dukani. Nikapima, nikapiga picha futi kamba ikiwa imelazwa ukutani: sentimita 52 kutoka sakafuni, sentimita 9 kushoto ya mstari wa kati. Nikatuma WhatsApp. Tiki zikawa bluu, nikajibiwa, "Sawa dada, tumepokea." Ujumbe ninao mpaka leo.

Siku ya kufunga, droo ya juu ikagoma kuingia. Ubao wake wa nyuma unagonga trapu, lile kopo la chini ya sinki linalozuia harufu isirudi. Walichonga droo nzima, mraba, kana kwamba sinki halina bomba. Droo ya mahali pale huachiwa nafasi ya umbo la U: bomba linapita katikati, vitu vinakaa pembeni, na ile nafasi inazungushiwa vibao vyake ili kisianguke kitu. Ni kazi ya karakanani, kwenye meza, kabla ya rangi. Vipimo walikuwa navyo.

Nikampigia bosi wao. Nikiwa bado naongea nasikia mlio koridoni: fundi amechomeka grenda, droo yangu kaikanyaga kwa mguu, anakata. Moshi umejaa mpaka sebuleni. Alipomaliza, kulikuwa na pengo lililopinda, kingo nyeusi zimeungua, na tabaka za marini bodi, ile plaiwudi ya droo, zimechanika kama zimeguguniwa na panya. Nikamwambia bosi kwenye simu kinachoendelea. Unajua alijibu nini?

"Dada, ni ndani huko. Nani atachungulia?"

Sikulala vizuri kwa kauli hiyo. Huko ndani ndiko maji yaliko! Mlango wa mbele hupata tone moja moja ukinawa uso. Nyuma, chini ya trapu, ndiko nati ikilegea kidogo maji yanadondoka wiki nzima bila mtu kujua. Na mbao hunywa maji kwenye ukingo uliokatwa kuliko kwenye uso wake. Marini bodi gundi yake inavumilia maji, sawa, lakini ukingo usiopakwa sila wala vanishi unavimba tu, halafu unaanza kuota ukungu mweusi. Mtu anayetengeneza fanicha za bafuni hawezi kuwa hajui. Anajua, ila ameona mimi sitajua.

Sasa niwatendee haki, maana kazi yao nyingine imenishangaza. Milango ni mninga mkavu kweli. Mvua za masika zimepita, joto na unyevu wa hapa mnaujua, na mpaka sasa hakuna mlango uliobana wala kupinda. Na namna ya kuning'iniza ni safi sana. Kuna vipande viwili vya mbao vilivyokatwa mshazari, nyuzi 45. Kimoja kinafungwa ukutani kwa skrubu na plagi, kingine kiko mgongoni mwa kabati. Unalinyanyua, unalishusha taratibu, vinashikana, na uzito wa kabati wenyewe ndio unaolikaza. Vigae vikishatobolewa na kipande cha ukutani kikiwa sawa kwenye pimamaji, kazi imekwisha, hakuna kushikiliana kabati huku mwingine anahangaika na drili. Pia halina ubao wa nyuma pale kwenye bomba na vali, kwa hiyo mabomba hayaguswi. Aliyebuni hilo ni fundi hasa, na ningependa kumpa mkono.

Kwa hayo nilishaamua kuwapa nyota tatu. Hata nilishamwambia jirani kwamba kwa kabati la nguo aende tu.

Lakini jana nimevuta droo kutafuta sabuni, ukingo ukanikwaruza kidole, na kijiti kikabaki ndani ya ngozi. Nafuta hizo tatu. Nyota moja, na hiyo ni ya yule aliyebuni mshazari. Jirani nimemwambia aache. Ukiweza kunyanyua kabati zima ukutani kwa akili namna ile, halafu ukashindwa kusoma picha ya futi kamba, tatizo si ufundi, ni dharau.

Bosi ananitumia ujumbe kuhusu malizio ya hela. Nimemjibu hivi: alete droo mpya, nafasi ya bomba imechongwa karakanani, kingo zote zimepakwa sila hadi nyuma, na aje mwenyewe, achungulie. Siku hiyo hiyo nalipa yote. Grenda ikitolewa tena kwenye begi mlangoni kwangu, hawapiti.