Wali wa wale dada wawili Tabata Bima: nenda, ila angalia kwanza nani kashika mwiko

Wadau hapa nakula mwezi wa 8 sasa, kila siku ya kazi. Wali nazi na maharage na mchicha 2,500, ukitaka na kibua wa kukaanga 4,000, na vibua wanafuata wenyewe soko la samaki Feri alfajiri kwahiyo hawana ile harufu ya friji. Turubai linavuja, mvua ikipiga sahani unaishika mkononi. Chenji hawana, lipa kwa simu tu.

Sasa kuna dada mtu na mdogo mtu. Wamekulia Mbezi Beach nyumba ya geti, mzee alipofariki nyumba ikabaki kwa kaka yao wa baba mmoja, wao na mama wakaja kupanga vyumba viwili huku. Hayo kanihadithia mdogo mtu siku ya kwanza tu, wali hata hajapakua. Dada mtu mpaka leo sijui hata kama ni Simba au Yanga.

Akipika dada mtu ladha ni ileile jana na leo. Mdogo mtu inategemea na bwana yani, yule jamaa mwenye gari ya IST akipiga simu asubuhi tui zito mpaka unalamba vidole, asipopiga wali bokoboko na ukimwita anakuangalia kama wewe ndo umemuacha.

Wiki iliyopita sasa, kuna kaka alikuwa anakaa pale kila jioni anamsubiri dada mtu afunge, wote tulishajua, si akaja na kadi ya mchango wa harusi yake, anaoa kwingine! Dada mtu akafuta mikono kwenye khanga, akaisoma, akasema hongera kaka, akaandika ahadi 30,000 (sahani 12 za maharage hizo, nilipiga hesabu) halafu akamuuliza unakula au nikufungie. Aliyelipuka ni mdogo mtu, mwiko ukaruka mpaka kwenye beseni la vyombo, akamporomoshea maneno siwezi kuandika hapa, akalia yeye badala ya mwenyewe. Maharage yakaungua, tukala hivyohivyo hamna aliyedai hela yake.

Kesho yake nikawahi maana saa nane vibua wanakuwa wameisha. Dada mtu yupo jikoni, ladha ileile, ila kaniwekea vibua wawili, nikamwambia dada umekosea, akasema kula tu kaka.