Wanga kidogo bila amri: uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba kilichonifaa mimi ni kupunguza wanga kwa ulegevu, si keto kali, yaani ule mlo unaokata wanga karibu wote. Watu huvichanganya hivi viwili, na kwa mtu mwenye historia ya kufakamia chakula, tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye majedwali ya milo.

Keto hukutaka ubaki chini ya gramu 50 za wanga kwa siku, na wengi hushikilia 20. Mlo huo ulibuniwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, ambao gramu zao zilipimwa kwa sababu za kitabibu. Mimi sina kifafa. Nilichovuna kwenye gramu 20 ni hesabu tangu naamka hadi nalala. Tunda moja likizidi, basi siku imeharibika, nakula mpaka tumbo linauma kwa kuwa "kesho naanza upya". Mwenye tatizo hili anaijua hiyo kesho.

Sasa hivi nikikadiria huenda nakula gramu 100 hivi, siku nyingine zaidi, lakini sipimi. Naanza na protini: mayai, samaki, nyama au jamii ya kunde. Halafu mboga kwa wingi, mafuta bila woga, na wanga kiasi cha ngumi yangu. Milo mitatu, na kitafunwa nikihitaji. Sirukishi mlo hata mmoja, na hili naliona lina uzito kuliko suala zima la wanga: njaa uliyoilimbikiza tangu asubuhi huja kudai usiku, na haikubali kulipwa saladi.

Protini na mafuta hushibisha kwa muda mrefu, kwa hiyo ile njaa ya kushtukiza katikati ya asubuhi imepungua sana, na mawazo ya chakula hayanitawali kutwa. Kufakamia hakujaisha. Hunijia nikikosa usingizi au nikiwa na msongo, ila siku hizi sijiadhibu kwa kushinda njaa kesho yake. Mlo unaofuata naula kama kawaida. Mwanasaikolojia wangu ndiye aliyelishikilia hilo, na kusema kweli nusu ya sifa ninazoupa mlo huu ni zake. Keki ya sherehe naila nimekaa, mbele za watu, wala simwombi mtu radhi.

Kasoro zipo. Siku za mwanzo kichwa kiliuma na mwili ukalegea. Maji na chumvi kidogo vilisaidia. Choo kilikuwa kigumu mpaka nilipoongeza mboga na mbegu. Kubwa zaidi ni mizani. Mwili huweka akiba ya wanga pamoja na maji, takribani gramu 3 za maji kwa kila gramu ya akiba hiyo, kwa hiyo uzito unaoshuka haraka mwanzoni ni maji kwa sehemu kubwa, na ukiongeza wanga yanarudi. Kama namba hukuvuruga kama zinavyonivuruga mimi, utadhani umeshindwa kumbe ni maji tu. Mizani yangu niliigawa.

Simshauri kila mtu. Aliyewahi kujinyima chakula hadi akaugua, au anayejitapisha, asiondoe kundi lolote la chakula bila daktari na mtaalamu wa lishe wanaomfuatilia. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari naye azungumze na daktari kwanza, kwa sababu wanga ukipungua dozi ileile inaweza kushusha sukari kupita kiasi.

Keto kali naipa nyota mbili, na hizo ni kwa heshima ya wanaoiweza. Mlo huu nilionao naupa nne. Ya tano nimeibania kwa sababu kula ugenini bado ni usumbufu, na nyumbani kwangu wamechoka mayai.