Kali Linux: mashine pepe au flashi?

Anayeanza na Kali, mfumo wa Linux wa kupima usalama wa kompyuta, hukwama kabla hajaandika hata amri moja: aiendeshe ndani ya Windows kama mashine pepe, au aiwashe kutoka kwenye flashi? Njia zote mbili ni za bure, na zote huiacha Windows yako ilipo.

Mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, kwa programu ya VirtualBox) hula RAM: Kali ipe GB 2 hadi 4, na diski GB 20 au zaidi. Kompyuta yenye GB 4 kwa jumla itakokota. Ikigoma kuwaka, mara nyingi VT-x au AMD-V (uwezo wa kichakataji wa kuendesha mashine pepe) imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Faida yake kubwa ni kuhifadhi hali ya mfumo kabla ya jaribio. Ukivuruga, unarudi ulipokuwa.

Flashi ya GB 8 huiachia Kali RAM yote, ila zima kwanza Secure Boot, kinga inayozuia mifumo isiyotambuliwa kuwaka. Kwenye Wi-Fi ndiyo inayoongoza, kwa sababu mashine pepe haiioni kadi ya ndani bila adapta ya USB. (Hata hivyo, si kila kadi ya ndani hukubali hali ya monita, yaani kusikiliza mawasiliano ya Wi-Fi yaliyo karibu.) Ukizima kompyuta, kazi hupotea, labda uwe umetengeneza kizigeu (sehemu iliyotengwa ya flashi) chenye lebo persistence, na ndani yake faili persistence.conf lenye mstari "/ union". Wengi huusahau mstari huo, kisha huilaumu flashi.

Unajifunza amri na unaharibu mara kwa mara? Mashine pepe. RAM ni ndogo, au unataka kupima Wi-Fi yako mwenyewe? Flashi, ikiwezekana ya USB 3.0. Kwenye flashi, na kwenye mashine pepe uliyopakua ikiwa tayari, jina na nywila vyote ni kali. Badilisha nywila kwa amri ya passwd.