Molasi ya Pipa Zima: Tathmini Baada ya Msimu Mmoja wa Masika

Nafuga ng'ombe wanne wa maziwa katika banda lililo chini ya migomba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako hakuna mahali pa kuchungia na kila anachokula mnyama huletwa kwa toroli, kwa pikipiki au kichwani. Kwa miaka mingi nilinunua molasi, yaani uji mweusi mtamu unaobaki kiwandani sukari ya miwa inapotengenezwa, kwa dumu moja moja la lita 20 katika duka la pembejeo la jirani, hadi mwanzoni mwa Machi mwaka huu nilipoamua kuchukua pipa la lita 200 kwa mfanyabiashara wa jumla aliye mjini Moshi. Ninachokitathmini hapa ni pipa hilo: kilichokuwa ndani yake, chombo chenyewe, na namna vyote viwili vilivyopita katika mvua za masika ndani ya stoo ya kawaida ya mfugaji mdogo.

Sababu ya kununua kwa wingi ilikuwa hesabu tu. Kila ng'ombe wangu hupata nusu kilo kwa siku, ikiwa imezimuliwa kwa maji na kunyunyiziwa juu ya mabua ya mahindi au majani ya mabingobingo yaliyokatwakatwa, nayo ni kilo 2 kwa banda zima. Molasi ni nzito kuliko maji, kwani lita moja ina uzito wa takribani kilo 1.4, hivyo pipa la lita 200 hubeba kama kilo 280, chakula cha siku 140 kwa wanyama wangu. Kila lita ya pipa ilinigharimu pungufu kwa sehemu moja ya tano kuliko lita ya dumu. Mwenye kufikiri kwamba molasi ni chakula kamili asome tena: karibu nusu ya uzito wake ni sukari na protini yake ni kama asilimia 4 tu, kwa hiyo inatia nguvu na kuyafanya mabua makavu yalike, lakini haichukui nafasi ya mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, yenye protini nyingi. Ikizidishwa, jambo la kwanza utakaloliona ni kinyesi kuwa chepesi.

Kuhusu ubora wa molasi yenyewe sina lawama, na nina ushahidi. Kabla ya kulipa niliomba dumu moja lijazwe kutoka katika tangi lilelile la muuzaji ambalo lingejaza pipa langu, kisha nikalipima kwenye mizani ya kupimia kahawa. Lita 20 za molasi nzuri zinapaswa kukaribia kilo 28, ukiacha uzito wa dumu, na mizani ilisoma hivyo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu dumu la mwisho nililonunua reja reja, katika duka ambalo sitalitaja, lilikuwa na kilo 26. Tofauti ya kilo 2 inaweza kuonekana ndogo, lakini ukiipiga hesabu utagundua kwamba katika lita 20 zile, kama lita 5 zilikuwa maji. Mnunuzi hapunjwi kwa bei peke yake, maana molasi iliyotiwa maji imekwisha kupandwa mbegu ya kuharibika kabla haijafika nyumbani. Ila mizani nayo inaweza kudanganya iwapo molasi imetoka kumiminwa kwa kasi na bado ina mapovu ya hewa, kwa hiyo iache itulie kwanza ndipo uipime.

Pipa lilikuwa la plastiki, la bluu, lenye mfuniko mpana unaobanwa kwa pete ya chuma. Nililinusa kabla halijajazwa, kwani mapipa mengi ya mitumba yamewahi kubeba kemikali, nalo halikuwa na harufu yoyote. Kasoro ilikuwa moja, na ndiyo iliyozaa mengine yote: muuzaji alikuwa amelifungia koki ya nusu inchi upande wa chini. Koki hiyo ni ya maji. Asubuhi za Aprili, wakati baridi ya mlimani inapoifanya molasi iwe nzito kama lami, ilitoa uzi mwembamba uliohitaji robo saa kujaza kopo moja, na baada ya wiki mbili haikutoa kitu kabisa.

Kijana anayenisaidia bandani alifanya ambalo mtu yeyote mwenye ng'ombe wanaolia njaa angelifanya. Alifungua mfuniko akawa anachota kwa kopo kutoka juu. Kopo hilo lilioshwa kila mara, kwa nia njema kabisa, na kurudishwa ndani likiwa bado linachuruzika maji. Mfuniko ukawa unawekwa juu bila kubanwa kwa pete. Na juu ya pipa palikuwa na tundu la msumari katika bati ambalo sikuwa nimeliona. Mwishoni mwa Aprili niliingia stoo nikapokewa na harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ya siku tatu. Juu ya molasi palikuwa na povu la rangi ya maziwa na chai, vitone vya hewa vikipanda polepole, na kandokando ya pipa kulikuwa na utando wa ukungu wa kijivu.

Mshtuko wangu wa kwanza ulikuwa kudhani kwamba pipa zima limekwisha. Halikuwa limekwisha, na sababu yake inafaa kueleweka. Molasi haiozi kirahisi kwa kuwa sukari imeyashika maji yote yaliyomo, kiasi kwamba hamira na ukungu hukosa maji ya kuishi. Maji yakiongezeka, hata kwa matone, hayashuki chini kuchanganyika, bali kwa wepesi wake hukaa juu na kutengeneza tabaka jepesi ambamo hamira hupata maskani, hula sukari, na kutoa pombe na gesi. Mvua inayovuja si njia pekee ya maji hayo kuingia. Kadiri pipa linavyopungua ndivyo nafasi ya hewa inavyokua, na usiku wa baridi mvuke ulio ndani hugeuka jasho chini ya mfuniko na kudondoka. Ndiyo maana pipa lililokaa salama likiwa limejaa linaweza kuchacha likiwa nusu, ilhali mwenyewe anaapa kwamba hakubadilisha chochote.

Nilichovya fimbo kavu ya mianzi hadi chini na kuinyanyua. Sehemu ya juu ilidondosha kama maji ya uji, lakini kuanzia vidole vinne kwenda chini molasi ilishika fimbo na kushuka kwa uzi mrefu usiokatika, yenye harufu ya sukari guru na si ya siki. Nililiondoa tabaka lote la juu, kama lita 18, pamoja na upana wa kidole wa molasi nzuri iliyokuwa chini yake ili nisiache mbegu. Nikapangusa kuta za pipa kwa kitambaa kikavu, si kwa maji. Sehemu iliyokuwa na ukungu sikumpa mnyama yeyote, kwani sumu za ukungu hazionekani kwa macho na maziwa yangu yananywewa na watoto. Niliimwaga kidogo kidogo kwenye lundo la mboji, mbali na mfereji. Wapo wafugaji wanaowapa ng'ombe wakubwa molasi iliyoanza kuchacha isiyo na ukungu. Mimi sikuona sababu ya kubahatisha kwa ajili ya lita 18. Hasara hiyo iliipunguza faida yangu ya bei kutoka asilimia 20 hadi kama 12.

Siku hiyohiyo fundi bomba alinibadilishia koki, akaweka ya inchi 2 inayofunguka kwa mkono mmoja, na tangu wakati huo hakuna kopo lililoingia ndani. Mfuniko hubanwa kwa pete, ila kila Jumapili naulegeza kidogo kusikiliza kama kuna gesi inayotoka, na kupangusa jasho la upande wa ndani. Iliyobaki ilitosha kusindika tani mbili za sileji, yaani majani yaliyovundikwa, ya mabingobingo, kwa kilo 30 kwa kila tani, na kuwalisha ng'ombe hadi katikati ya Juni bila povu kurudi.

Juni huku ni baridi, na rafiki mmoja alinishauri niwashe moto wa mkaa kando ya pipa. Ushauri huo usifuatwe. Joto likizidi nyuzi 40 kwa muda mrefu sukari huanza kuharibika yenyewe, molasi hutoa povu na kuwa chungu. Na kumwaga maji ya moto ndani ya pipa ni kukaribisha balaa lilelile la tabaka jepesi. Chota ya siku hiyo, kisha uizimue kwa maji ya uvuguvugu katika ndoo. Chengachenga utakazozikuta chini ya pipa ni sukari iliyoganda tu, usizitupe. Sisimizi niliwazuia kwa kuliweka pipa juu ya chaga na kuzungushia majivu. Nyuki hawakuzuilika, nikawazoea.

Kwa mwenye ng'ombe mmoja au wawili, dumu bado ndilo linalofaa, mradi alipime. Kwa ng'ombe wanne hadi kumi, pipa hili nalipendekeza. Tangi la lita 1,000 analo mfugaji mmoja wa huku chini, nalo likijaa lina uzito wa karibu tani moja na nusu, hivyo linadai sakafu ya zege. Zaidi ya hapo, gesi ya molasi inayochacha hutua ndani ya tangi na kufukuza hewa, na mtu akiingia kulisafisha anaweza asitoke. Lisafishwe kwa kumwagiwa maji kutoka nje.

Nilimrudia muuzaji kumweleza habari ya koki. Alisikiliza kwa adabu, akasema wateja wengine hawajalalamika, kisha akakubali kunipunguzia bei ya koki katika pipa lijalo endapo nitakuja na ya kwangu. Nimeagiza la pili lifike mwezi Julai, mvua zikiwa zimekwisha, na tundu la bati nimeliziba.