Walinipatia watazamaji, wakanifutia wateja: uzoefu wangu na ofisi ya kusimamia mitandao, Nakuru

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya msichana mmoja nitakayemfikia huko chini. Ofisi yenyewe haina yake.

Nina kitalu cha miche huku Bahati. Nauza parachichi za Hass na Fuerte, karakara, matunda damu na miti ya mbao. Wanaonijua huniita Mama Miche. Ofisi ninayoilalamikia iko mjini Nakuru, ghorofani, si mbali na Kenyatta Avenue, na kazi yao ni kusimamia kurasa za watu kwenye mitandao ya kijamii: unawalipa, wanakupostia, wanawajibu wateja wako. Niliwaendea kabla mvua ya masika haijaanza, kwa sababu biashara ya miche haingoji mtu. Mvua ikishika, mkulima anataka mche leo. Ikikatika, ule mche umebaki nao, utaumwagilia mwaka mzima huku mizizi ikitoboa mfuko na kuingia ardhini.

Waliniahidi jambo moja na walilirudia mpaka nikalikariri: "Tutakuweka kila mahali."

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi wenye biashara ndogo. Kila mahali kuna watu wake. Ukienda soko la Nakuru siku ya soko hukuti watu wale wale unaowakuta kanisani Jumapili, na hata kama ni wale wale, hawakuja kwa shughuli ile ile. Mitandao iko hivyo hivyo. Hawa vijana wanaojiita wataalamu hawalijui hilo, au wanalijua na hawajali.

Nianze na lililoniuma zaidi, maana hata sasa nikiandika mkono unatetemeka.

Kijana aliyepewa kazi yangu aliniomba simu "apange WhatsApp iwe ya biashara". Nikampa, nikakaa kwenye kiti kungoja. Aliponirudishia, WhatsApp yangu ya miaka yote haikuwepo. Alikuwa ameifuta. Akaunti yenyewe, wala si programu tu. Halafu akafungua nyingine kwa laini mpya ya ofisi, kwenye simu yao wao. Hakuniuliza. Hakunionyesha. Mtu ukifuta akaunti ya WhatsApp unatolewa kwenye magrupu yote na mazungumzo yako yote yanafutika. Na ndani ya WhatsApp hiyo hiyo, kwenye mipangilio, kuna sehemu ya kubadilisha namba: unahama na magrupu yako, na ukitaka inawaarifu watu wako kwamba umehama. Ingemchukua dakika chache. Mtu anayekula hela za watu kwa kazi hii hajui hiyo sehemu iko wapi?

Nikamwuliza kwa upole, "Kijana wangu, wateja wangu wameenda wapi?"

Akajibu bila kuinua macho kutoka kwa kompyuta, "Mathe, usijali. Tunaanza upya. Hizo grupu zilikuwa za kizamani."

Nikamwambia hizo grupu ndizo zinazonunua. Ndipo akasema neno ambalo sitalisahau: "Mathe, hizi ni mambo za vijana. Wewe shughulikia shamba, sisi tushughulikie mtandao."

Mtoto ninayeweza kumzaa! Nimesomesha watoto kwa miche hiyo. Nimekuwa nikiuza kwa WhatsApp tangu huyo bado yuko shule, na ananiambia nirudi shambani niache mambo yao.

Wacha niwaambie kilichokuwa ndani ya ile akaunti, ndio mjue kwa nini nina hasira. Kulikuwa na mzee mmoja wa Subukia asiyependa kuandika. Yeye hutuma sauti, ndefu, kwa Kikuyu, akieleza majani yameanza kuwa manjano wapi na alimwagia nini. Kulikuwa na akina mama wa chama kimoja cha Dundori waliokuwa wamenitumia malipo ya kwanza ya miche, na idadi ya kila mmoja iko mle kwenye mazungumzo. Kulikuwa na grupu la wakulima wa upande wa Solai ambako nikiweka picha ya miche asubuhi, kufikia jioni nusu imeshapata mwenyewe. WhatsApp ni mahali pa watu ambao tayari wanakuamini. Hata statasi yako haionwi na mpita njia: lazima yeye awe amehifadhi namba yako na wewe uwe na yake, na baada ya saa 24 imetoweka. Kwa hiyo namba yangu ya zamani ndiyo ilikuwa duka. Laini mpya ya ofisi haikuwa imehifadhiwa na mtu yeyote. Walikuwa wanaweka statasi nzuri nzuri, zimepambwa rangi, na aliyekuwa anaziona ni wao wenyewe pale ofisini.

Na mkulima aliyebahatika kuipata hiyo namba mpya alijibiwa na nini? Ujumbe wa mashine, kwa Kiingereza, wa kumshukuru kwa kuwasiliana na "timu yetu". Mzee wa Subukia alituma sauti yake ndefu akapokea hicho Kiingereza. Alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Aliuliza kama nimeuza kitalu.

Tuje Facebook. Huko nilitarajia wangefanya kitu, maana Facebook ndiko mkulima wa rika langu alipo. Ni ajabu ukifikiria: Zuckerberg aliuanzisha mtandao huo 2004 kwa ajili ya wanafunzi wa Harvard, ukafunguliwa kwa kila mwenye miaka 13 kwenda juu mwaka 2006, na leo huku kwetu wanafunzi wamehama, wamebaki machifu, kwaya, vyama vya ushirika na sisi wakulima. Na hao wa magrupu ya kilimo ya Facebook si watu wa kuchezea. Wanakuuliza mche ulipandikizwa kwa shina gani, una muda gani tangu upandikizwe, na ulitoa wapi vikonyo, vile vijiti vya mti mzazi vinavyounganishwa na shina. Wengine wamewahi kuuziwa mche bandia, wakaupalilia miaka mitatu, ukazaa parachichi la kienyeji. Wamechomeka na wanaogopa moto.

Basi ofisi ikawapostia nini watu wa namna hiyo? Picha ya parachichi waliyoitoa kwenye intaneti, ngozi laini inayong'aa, kijani kibichi, shingo ndefu, na juu yake maandishi makubwa: HASS. Mtu yeyote aliyewahi kushika Hass anajua ngozi yake ni nene, ina vipelevipele, na likiiva linageuka kuwa jeusi. Ile ya picha haikuwa Hass hata kwa kuombewa. Komenti zikaanza. Mmoja akauliza kama tunajua tunachouza. Mwingine akaandika kwamba hivi ndivyo matapeli wa miche wanavyoanza. Mimi, ambaye kila mche unaotoka kwangu nimeupandikiza kwa mkono wangu, naitwa tapeli mbele ya wakulima wa kaunti nzima kwa sababu ya picha ambayo sikuiona kabla haijatoka. Na ofisi ikajibu komenti hizo kwa vijipicha vya moto na moyo. Vijipicha!

Picha hiyo hiyo wakaipeleka X. Neno kwa neno, ila huko waliongeza hashitegi zilizokuwa zikivuma siku hiyo, na zilizokuwa zikivuma zilikuwa za siasa. Watu wa X wa Kenya tunawajua. Tangu enzi ikiitwa Twitter, kabla Elon Musk hajainunua 2022 na kuibadilisha jina mwaka uliofuata, wao ni watu wa hoja na ugomvi, wenye ulimi mkali, na wakishika jambo hawaliachi. Juni 2024 vijana walipoupinga Mswada wa Fedha, huko X na TikTok ndiko mambo yalikopangwa. Mtu yuko katikati ya hasira ya maana, anawazia nchi yake, halafu unamrushia parachichi la uongo chini ya hashitegi yake. Walitutukana, na mimi siwalaumu hata kidogo. Ningekuwa wao ningetukana pia.

Hapo ndipo nilipokuwa tayari kuandika maneno haya na kuyaacha hivyo. Lakini haki ni haki, kuna huyo msichana.

Alikuwa mwanafunzi, yuko pale kwa mazoezi ya kazi, halipwi kitu nijuavyo mimi. Aliomba aje kitaluni. Wakubwa wake hawakuwahi kufika Bahati hata siku moja, yeye alipanda matatu akaja na simu yake. Hakuniambia nivae nini wala niseme nini. Alikaa chini kwenye udongo, akaniambia, "Mama, endelea tu na kazi, mimi nitakaa hapa." Akachukua mikono yangu tu: ninavyokata shina, ninavyochonga kikonyo kama kabari, ninavyokiingiza gome likutane na gome, ninavyokifunga kwa nailoni. Baadaye akaniuliza maswali kwa adabu na akaweka sauti yangu juu ya picha, kwa Kiswahili changu hiki hiki cha Nakuru. Akaiweka TikTok.

Jamani. TikTok haihitaji mtu akujue. Ndiyo tofauti yake kubwa na WhatsApp: ile mashine yao inampelekea mtu video kwa kuangalia anapenda kutazama nini, hata kama hajawahi kukusikia. Ile video ilitembea. Walitoa komenti watu wa Mombasa, watu wa Tanzania, vijana wa mjini ambao sikudhani wana haja na udongo. Kijana mmoja kutoka Njoro, wa chuo, alikuja kitaluni na wenzake kujifunza kupandikiza, wakanunua na miche. Watoto wa rika hilo hawajawahi kuniuliza chochote Facebook. Nililia kidogo siku hiyo, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo nilipofika hapa nilitaka kuongeza nyota. Nilijiambia tatu. Nilijiambia labda ofisi ni changa, labda yule wa kompyuta ni mmoja tu mwenye mdomo mbaya, na kama wana mtu kama huyu msichana basi kazi wanaiweza wakitaka. Hata LinkedIn, ambako niliona ni kupoteza muda kabisa kwa sababu huko watu wanatafuta kazi na kupongezana vyeo, nako kulitoka kitu. Mtu wa shirika moja linalopanda miti mashuleni aliona ukurasa wa kitalu, akataka miche mingi, mingi kuliko ninayouza kwa msimu wa kawaida. Nakiri LinkedIn ina watu wake pia, na wana bajeti.

Nilijuaje habari za huyo mtu? Kwa sababu alifika kwangu mwenyewe, kwa kuulizia njiani, mvua ikiwa imeshaanza kupungua. Aliniambia amepiga ile namba ya ukurasa mara nyingi. Haishikwi. Ameandika WhatsApp, anajibiwa ule ushukuru wa mashine. Mwishowe shirika lilikuwa limechukua miche kwa mtu mwingine, na yeye alikuja tu kuona kama ningeweza kujazia kidogo kilichobaki.

Nikashuka mjini siku hiyo hiyo na matope kwenye viatu. Nikauliza simu yenye ile laini mpya iko wapi. Wakatazamana. Ikafunguliwa droo, ikatolewa chini ya makaratasi, imezima. Haina chaji. Wakaichomeka pale mbele yangu, na ilipowaka ikaanza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe, simu zisizopokewa, namba ambazo nyingine nazijua kwa kichwa: Solai, Dundori, Subukia. Msimu wangu wote ulikuwa ndani ya droo ya mtu.

Yule kijana wa "mathe" alisema nini? "Lakini mama, views ziko juu sana mwezi huu." Watazamaji! Mtazamaji hanipi mia mbili, hachimbi shimo, harudi mwakani na jirani yake. Nikamwuliza bosi wake kama atanirudishia pesa zangu. Akasema mkataba ni wa kuposti, na wameposti. Nikauliza kuhusu akaunti iliyofutwa, akasema huo ni "mpito wa kibiashara".

Basi hizo nyota tatu nazirudisha. Ni moja, na ni ya msichana, ambaye nimesikia ameshamaliza mazoezi yake na hawakumwajiri. Mwenye ofisi yoyote Nakuru anayetaka mtu wa kazi hii aje aniulize, nitamwelekeza kwake kwa furaha. Akina mama wa Dundori nimewapa miche yao kwa kuhesabu upya, kila mmoja akitaja idadi yake, na hakuna aliyedanganya. Grupu la Solai wamenirudisha.

Ofisi bado wanayo ile laini na nywila ya ukurasa wa Facebook. Nimeshawaandikia nikitaka vyote viwili mkononi mwangu. Kwa wateja wangu: namba ni ile ile ya zamani, ya kwenye bango la barabarani. Hiyo nyingine mliyoiona mtandaoni ifuteni, na kama kuna aliyelipa chochote kupitia hiyo, aje kitaluni na ujumbe wa M-Pesa tuuangalie pamoja kabla mvua za vuli hazijafika.