Paneli ya umeme ya ampea 200 Marekani: ipi ununue, na ruzuku gani bado ipo

Wasomaji wa Columbus, Dallas na Minneapolis wananiletea lalamiko lilelile. Wamenunua nyumba ya zamani, fundi amekuja na karatasi ya bei ya kubadilisha paneli, yaani boksi la breka zinazokata umeme mzigo ukizidi, na chini kabisa ameandika kwamba serikali itawarudishia dola 600. Ndugu zangu, hiyo pesa haipo tena. Sheria ya Agosti 2022 ilitoa unafuu wa kodi wa asilimia 30, usiozidi dola 600, kwa paneli ya ampea 200 au zaidi iliyofungwa ili kuwezesha kifaa kingine cha kuokoa nishati, kama hitipampu, mashine ya umeme ya kupasha na kupoza nyumba. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliufuta: chochote kilichofungwa baada ya Desemba 31, 2025 hakihesabiki. Fundi anayeitaja leo ama hajui kazi yake ama anakudanganya, na kwa vyovyote asiguse nyumba yako.

Kilichobaki ni fungu la ruzuku linalotolewa kupitia majimbo, na ni kubwa kuliko unafuu huo: hadi dola 4,000 kwa paneli na 2,500 kwa nyaya. Kaya yenye kipato chini ya asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lake inaweza kulipiwa gharama yote hadi kufikia kiwango hicho. Kati ya 80 na 150 inalipiwa nusu. Kila jimbo huamua la kwake, na si yote yanayolitoa, kwa hiyo piga simu ofisi ya nishati ya jimbo lako kwanza. Kibali kitangulie kazi. Ukishafungiwa paneli ndipo uombe, hupati hata senti.

Sasa paneli zenyewe. Bei na idadi ya nafasi za breka utazisoma dukani. Mimi nataka uangalie kitu ambacho hakuna anayekuonyesha: waya unaotoka kwenye mita kuingia kwenye paneli. Nyumba nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina waya wa ampea 100 au chini ya hapo. Fundi anatoa boksi la zamani, anaweka jipya lililoandikwa 200, waya anauacha uleule. Akiwa muungwana ataweka breka kuu ya 100, nawe utakuwa umelipia ukubwa usioupata. Akiwa mzembe ataweka breka kuu ya 200, na hapo waya utapata moto ndani ya ukuta huku breka ikiwa imetulia, kwa sababu kwake mzigo bado ni mdogo. Ampea 200 nyumbani zinataka waya wa alumini namba 4/0 au wa shaba namba 2/0. Namba hiyo imechapwa kwenye ganda la waya. Isome mwenyewe, tena uitake iandikwe kwenye mkataba pamoja na boksi jipya la mita na kibali cha jiji. Kwa nyumba zinazoletewa umeme kutoka nguzoni, kampuni ya umeme kwa kawaida inahusika na waya wa angani na mita yenyewe tu. Waya kuanzia unapogusa nyumba kuteremka hadi kwenye boksi la mita na paneli ni mali yako, na fundi mvivu anaijua vizuri mipaka hiyo.

Namba moja kwangu ni Square D QO, na sifichi kwamba naipenda. Mkanda wa ndani unaoshika breka ni wa shaba, na breka ikikata inaonyesha alama nyekundu kidirishani, hivyo hata bibi aliyebaki nyumbani na wajukuu anajua ipi imekata bila kuzipapasa zote. Ya pili ni Eaton CH, nayo ya shaba, imara, na kama mtaani kwako breka zake zinapatikana kirahisi kuliko za QO, ichukue bila wasiwasi. Ya tatu Leviton: nyaya zinafungwa kwenye paneli yenyewe, kwa hiyo kubadilisha breka ni kuchomoa na kuchomeka.

Homeline na Eaton BR ni za bei nafuu, mkanda wao kwa kawaida ni wa alumini. Zinafanya kazi.

Lakini hapa ndipo wauzaji wanaponiudhi. Homeline nayo ni Square D. Karatasi ya bei inasema "Square D," mteja analipa bei ya QO, ukutani inafungwa Homeline, na breka za moja haziingii kwenye nyingine. Taka jina kamili na namba ya modeli. Nimeona pia bei inayopanda mara tu mteja akitaja ruzuku ya 4,000. Usiitaje mpaka uwe na karatasi za bei kutoka kwa mafundi watatu wenye leseni, za kazi ileile.

Mwenye paneli ya Federal Pacific yenye breka za Stab-Lok, au ya Zinsco, asisubiri ruzuku wala punguzo. Breka hizo zina historia ya kutokata zinapotakiwa kukata, na kampuni nyingi za bima hazitaki kuziona. Badilisha kwa pesa uliyonayo, hata kama ni Homeline.

Wanaotaka niwasaidie kusoma karatasi za bei, nitumieni na picha ya ganda la waya pale kwenye mita. Picha ya paneli pekee hainiambii kitu.