Joyland: filamu ya Lahore niliyobaki nayo kwa sababu ya Mumtaz

Ukiuliza Joyland inahusu nini, utaambiwa habari za Haider: kijana wa Lahore, Pakistan, ana mke, hana kazi, akapata kibarua cha unenguaji nyuma ya Biba, msanii wa jukwaani ambaye ni khwaja sira (ndivyo Pakistan wanavyowaita watu waliobadili jinsia), kisha akampenda. Si uongo. Ndivyo ilivyotangazwa, na mzozo uliozuka Pakistan ulihusu hilo hilo. Lakini nilipomaliza kuitazama, aliyeninyima usingizi ni mkewe, Mumtaz. Baada yake wakafuata Nucchi, mke wa kaka yake Haider, na Fayyaz, jirani yao mjane. Nimesoma maoni mengi yanayowapa wanawake hawa sentensi moja moja, nami naona hawakutendewa haki. Kwangu filamu hii ni yao.

Kwanza mambo ya kawaida kwa anayetaka kuitafuta. Ilitoka mwaka 2022. Imeongozwa na Saim Sadiq, Mpakistani, na ni filamu yake ndefu ya kwanza. Ina dakika 126. Wahusika wanachanganya Kipunjabi na Kiurdu, kama familia nyingi za mji ule zinavyozungumza, na toleo nililokodi kwenye intaneti lilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Kiswahili hakuna. Kama unatazama na mzazi asiyesoma Kiingereza itabidi umfasirie, na nakuonya kwamba kuna sehemu utaona haya kuzifasiri.

Hadithi inatokea ndani ya nyumba moja ya ukoo wa Rana. Baba mkwe, mzee Amanullah, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na neno lake ndilo sheria. Kaka mkubwa, Saleem, na mkewe Nucchi wana mabinti watatu. Filamu inaanza Nucchi akishikwa na uchungu wa mtoto wa nne, ambaye kipimo kilisema ni wa kiume. Anazaliwa wa kike. Haider, kitinda mimba, anashinda nyumbani akisaidia kupika na kulea watoto wa kaka yake, na analifanya hilo vizuri, kwa mapenzi. Mumtaz ndiye anayetoka kwenda kazini. Ni mpambaji wa maharusi saluni, na anaipenda kazi yake kuliko kitu chochote tunachomwona akikigusa.

Kuna siku umeme unakatika saluni, bibi harusi yuko kitini, uso haujakamilika. Sisi tunaojua mgao wa umeme tunajua fadhaa ile. Mumtaz hababaiki. Simu zinawashwa tochi, anaendelea kupaka rangi kwa mwanga ule mdogo, na kwa muda mfupi yeye ndiye mwenye amri ya chumba kizima. Baadaye umeme utakatika tena, safari hii ukumbini, na Biba atacheza akimulikwa na tochi za simu za watazamaji. Mwongozaji hakuweka maelezo yoyote ya kuunganisha mambo haya mawili. Lakini Biba anashangiliwa na ukumbi mzima, wakati ushindi wa Mumtaz ulishuhudiwa na wanawake wachache waliokuwa saluni, na nyumbani hakuna aliyeusikia.

Sasa nije kwenye onyesho ambalo kwangu ndilo moyo wa filamu. Haider anapata kazi. Nyumbani hasemi ni kazi gani hasa. Anawaacha waamini ni ya usimamizi wa ukumbi wa maigizo. Habari inapokelewa kwa furaha, na hapo hapo, kwa sauti ya upole kabisa, inaamuliwa kwamba Mumtaz hana haja tena ya kufanya kazi. Abaki nyumbani, amsaidie Nucchi na watoto. Hakuna anayemfokea wala kumtukana. Mumtaz anamtazama mumewe, ambaye anajua vizuri mkewe anataka nini, na anangoja aseme neno. Neno la maana halitoki. Kikao kinaisha, watu wanaendelea na maisha.

Nililirudia onyesho hili. Mambo haya ndivyo yanavyokwenda kwenye nyumba nyingi ninazozijua, na sijawahi kuyaona yakionyeshwa kwa usahihi hivi. Filamu nyingi zinazohusu mwanamke aliyebanwa zinamtafutia mtesaji: mume mlevi, mama mkwe mwenye ulimi wa wembe. Hapa mama mkwe hata hayupo. Mume ni mpole, anaosha vyombo, anawabembeleza watoto. Baba mkwe anampenda mkwewe kwa namna yake. Saleem ni mkali, lakini hata yeye si dhalimu wa kutisha. Na bado mwanamke anamalizwa. Anamalizwa na stara, na heshima, na kuogopa watu watasema nini, na zaidi ya yote na mume mwema aliyekaa kimya siku aliyotakiwa kuzungumza.

Rasti Farooq anaigiza Mumtaz bila vilio. Mwanzoni ni mchangamfu, tena jasiri kuliko mumewe. Haider anapotakiwa kumchinja mbuzi mkono unagoma, na Mumtaz ndiye anayekishika kisu akamaliza kazi. Kisha tunamwona akipungua polepole. Anajibu mafupi. Anasimama mlangoni muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Picha yenyewe imebanwa, karibu na mraba kama televisheni za zamani, na mpiga picha, Joe Saade kutoka Lebanon, anapenda kumweka ndani ya fremu za milango na madirisha, hivi kwamba hata akiwa ukumbini kwao anaonekana kama mtu aliyewekwa kabatini.

Na matamanio? Yapo, na filamu haiyaonei haya. Mumtaz ni mwanamke kijana ambaye kitanda chake kina mume asiyemgusa, na mara nyingine mtoto wa shemeji yake amelala katikati. Kuna usiku yuko dirishani na darubini, akimtazama mwanamume wa kichochoroni, na kwa dakika chache tunauona mwili wake ukidai haki yake. Nilijua kuna watakaosema onyesho hilo halikuwa na haja. Naona lilihitajika. Bila hilo tungemhurumia Mumtaz kama mfanyakazi aliyenyang'anywa kazi, basi. Filamu inataka tukubali kwamba anataka vyote: kazi, hewa ya nje, kucheka, kuguswa.

Nucchi, aliyeigizwa na Sarwat Gilani, nyota wa tamthilia za televisheni za Pakistan, ndiye mwanamke aliyekwishazoea. Amezaa, atazaa tena, anajua ratiba ya dawa za mzee, anajua nani hali nini. Anamjua Mumtaz kuliko Haider anavyomjua. Urafiki wa wake hawa wa ndugu wawili ndio uhusiano wa upendo ulio salama zaidi katika filamu nzima, na ninashangaa kwamba unatajwa kidogo sana. Jioni moja wanatoka wawili peke yao kwenda Joyland, bustani ya michezo ya Lahore iliyoipa filamu jina. Wanapanda mashine za kurushwa hewani, wanapiga kelele, dupatta, yaani mitandio yao, zinapeperuka, vicheko vinatoka tumboni. Wanawake wazima wanafurahi kwa kitu ambacho mtoto yeyote anapewa siku ya sikukuu. Nilitamani onyesho lile liendelee saa nzima.

Jioni hiyo hiyo Fayyaz ndiye anayebaki nyumbani kumwangalia mzee. Sania Saeed amenimaliza hapa. Ni mama wa makamo, mjane, anaingia na kutoka nyumba ile kama ndugu, na kila mtu ameshazoea msaada wake bila kujiuliza yeye anapata nini. Mzee anapatwa na aibu ya mwili wake uzeeni, Fayyaz anamsitiri, na usiku unampata pale pale. Asubuhi mwanawe Fayyaz anakuja amekasirika: majirani wameanza kusema. Mama yule anaketi katikati yao, na anapata ujasiri wa kusema anachotaka. Anataka kubaki. Anataka mwenzi. Mzee, ambaye macho yake yalikuwa yameshatuambia kwamba naye anataka, anashindwa kulipokea ombi lile mbele ya watoto wake. Fayyaz anarudi kwake. Onyesho ni fupi, lakini kwangu lilieleza jinsi nyumba ile inavyofanya kazi kuliko hotuba yoyote. Hata aliyeketi juu kabisa, anayeogopwa na wote, hana ruhusa ya kupenda.

Kwa ambaye hajaitazama na hataki kujua mwisho, aruke aya tatu zinazofuata.

Mumtaz anapata mimba, na kipimo kinasema ni mtoto wa kiume. Nyumba inashangilia. Tumbo lake sasa ni mali ya wote, yeye mwenyewe haulizwi kitu. Anajiua, naye mjamzito. Nawaambia mapema wale ambao jambo hili limewagusa kwa karibu, kwa sababu linaonyeshwa bila kelele na linaumiza. Baada ya mazishi Saleem anaongea kana kwamba kosa ni la marehemu, kwamba ameondoka na mtoto wa kiume wa ukoo. Hapo ndipo Nucchi, mzoefu wa kunyamaza, anapopasuka, na kuwaambia wote waliomo chumbani, na yeye akiwemo, kwamba kifo kile ni kazi yao.

Kisha mwongozaji anaturudisha nyuma, kabla ya ndoa. Haider anakwenda kwa siri kumwona mchumba aliyechaguliwa na wazee, ili amuulize kwa kinywa chake kama kweli ameridhika. Mumtaz anataka kuendelea na kazi. Haider anakubali. Wanacheka. Tunaona kwamba ndoa ile ilianza kwa adabu na nia njema, na kwamba ahadi iliyovunjwa kwa upole kwenye kile kikao ilikuwa imetolewa kwa moyo mweupe.

Nina malalamiko. Katikati, filamu inamfuata Haider na Biba kwa muda mrefu mno, na Mumtaz anapotea hadi unajiuliza yuko wapi. Kuna wanaosema ni makusudi, kwamba sisi watazamaji tunamsahau kama mumewe alivyomsahau. Huenda. Lakini nilimkosa, na ningependa kumjua zaidi kabla ya kumpoteza. Na filamu inafungwa na Haider akiwa ufukweni Karachi, mbele ya bahari ambayo hakuwahi kuiona. Ni picha nzuri sana. Bado niliudhika kwamba neno la mwisho alipewa yeye.

Kuhusu Biba sitaki kupita haraka, kwa kuwa naye ni mwanamke mwenye matakwa yake, tofauti ni kwamba yeye huyasema kwa sauti. Alina Khan, anayemwigiza, mwenyewe ni khwaja sira. Tazama onyesho la kwenye treni ya mjini: Biba amekaa upande wa wanawake, abiria mmoja anamtaka ahame, na Haider anakwenda kukaa katikati yao. Pakistan ilipitisha sheria ya kulinda haki za watu wa kundi hili mwaka 2018, na ukitazama onyesho lile unaona umbali uliopo kati ya sheria na kiti cha treni.

Filamu ilishinda Tuzo ya Jopo la Majaji katika kitengo cha Un Certain Regard cha tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2022. Pakistan yenyewe ikaipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar, na Malala Yousafzai, Mpakistani aliyeshinda Nobel ya Amani, akajiunga kama mmoja wa watayarishaji wakuu. Kisha mwezi Novemba mwaka huo, siku chache kabla ya kuingia kumbini, serikali ikafuta kibali chake baada ya shinikizo la wanasiasa wa dini. Kamati ikaipitia upya, sehemu zikakatwa, ikaruhusiwa kwa taifa, na jimbo la Punjab likaizuia. Lahore ni mji mkuu wa Punjab. Watu wa mitaa ile ile iliyopigwa picha hawakuweza kuitazama kwenye kumbi za kwao, na hilo linanikera hadi leo.

Mimi ni Mwislamu, nimelelewa kwa stara, na sikuona dini yangu ikitukanwa. Niliona familia inayosali, inayopendana, inayolea, na inayomwacha mtu wake mmoja akizama huku wote wapo. Wanaume waliotazama nami walizungumza zaidi habari za Biba. Wanawake walitaka kurudishiwa kile kikao cha Mumtaz na kazi yake, na mmoja wetu, mwenye shahada na aliyeacha ajira baada ya harusi, alitoka nje kidogo.

Itazame ukiwa na subira, maana saa ya kwanza inakwenda taratibu na hakuna muziki wa kukuambia uhuzunike. Usiitazame na watoto. Kama umeolewa au umeoa, itazameni pamoja na mwenzio, na msizime mara inapoisha. Na ukiitafuta, hakikisha ni toleo la dakika 126, kwa sababu sehemu zilizokatwa kule kwao zinapunguza hasa mambo ambayo wanawake hawa hawakuruhusiwa kuyataka.